Mbabula ya Zamani: Kutu Inasema Nini?

Baba, mama, na ninyi vijana: mbele ya kuwasha makala, mugeuze mbabula, muitazame chini. Kutu ya juu juu inatoka kwa burashi, chuma kinabaki kigumu. Lakini mugonge na musumari: kama vipande vinaanguka, chuma kimekwisha. Mupeleke kwa fundi, maana miguu ikivunjika, sufuria ya bukari itamwangukia mtoto.

Juu ya nini inaoza? Majivu yenye kulowana. Yanashika maji na chumvi, yanakula chuma polepole. Basi yakipoa, muyamwage, na mbabula ikae pahali pakavu.

Tena, baridi ya mwezi wa sita isiwadanganye. Mbabula, hata mpya, isilale ndani ya nyumba: hewa ya makala haionekani, haina harufu, lakini inaua.