Mtoto Anapokupa Wali wa Mchanga

Siku moja nilikuwa Buguruni kwa Mnyamani, natoka darasa la watu wazima. Uani nikakuta watoto watatu wamekaa chini. Mmoja, wa miaka mitatu hivi, amejaza mchanga kwenye kifuu, anakoroga kwa kijiti.

"Shikamoo mwalimu. Karibu wali."

Nikapokea, nikajifanya nakula. Nikamwambia wali umeiva, ila chumvi imezidi. Akacheka sana, akachota mchanga ule ule akanipa: "Haya, huu hauna chumvi."

Kumbe mama yake anatusikia. Akasema, "Mwalimu, unamfundisha uongo huyo!"

Si uongo, ndugu zangu. Mwongo anataka umwamini. Mtoto huyu alijua ni mchanga, alijua nami najua. Wala hakuutia kinywani.

Mchezo huu huanza mapema. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi huinua kikombe kitupu, akajifanya anakunywa. Akifika miaka miwili atamnywesha na mtoto wa bandia. Baadaye gunzi moja huwa mtoto asubuhi, jioni likawa simu. Hapo Buguruni reli inapita karibu, basi makopo yakipangwa mstari ni treni, na mmoja lazima apige honi.

Mwaka 1993 wataalamu Paul Harris na Robert Kavanaugh walieleza jinsi walivyowajaribu watoto wadogo. Mwanasesere alimwagiwa "chai" ambayo haikuwapo. Watoto wa miaka miwili waliweza kusema ameloa. Maana yake mtoto anaifuata habari ya mchezo hatua kwa hatua, kama sisi tunavyofuata hadithi.

Lakini asidhaniwe anaelewa yote. Mwaka huo huo, huko Marekani, Angeline Lillard aliwaeleza watoto habari za mwanasesere anayerukaruka kama sungura. Akawaambia kwao hakuna sungura, wala hajui sungura ni nini. Je, anajifanya sungura? Mtu mzima atasema hapana, atajifanyaje kitu asichokijua? Watoto wengi wa miaka minne walisema ndiyo. Kwao, kujifanya ni kile kitendo kinachoonekana. Kwamba kunaanzia kichwani, hilo hulielewa baadaye.

Kwa hiyo mgeni akija anachechemea kwa maumivu, na mtoto akasema, "Anamwigiza babu," msimpige. Hajamdharau mtu. Ameona mwendo tu. Mwelezeni kwamba mguu unamuuma.

Sasa niseme jambo linalonitia hofu. Mtoto hali mchanga kwa sababu mchanga anaujua. Mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda hayajui. Wakicheza duka, chupa ile kwao ni soda kweli, na mwenye duka atamnywesha mdogo wake. Nyumba nyingi nilizopita chupa hiyo iko chini ya meza, karibu na vifuu vya kuchezea.

Mafuta ya taa yawekwe juu, kwenye chombo ambacho si cha kunywea. Mtoto akishayanywa, usimtapishe, maana yakirudi yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali, na ile chupa uichukue mganga aione.