Harufu Inayomwita Nondo

Katika misitu ya nyanda za chini za pwani ya mashariki ya Madagaska kuna okidi iitwayo kitaalamu Angraecum sesquipedale. Haioti ardhini. Mizizi yake minene hung'ang'ania magome ya miti na kufyonza maji ya mvua, lakini hainyonyi utomvu wa mti unaoibeba, kwa hiyo wanaoiita kupe wanaionea. Maua yake ni meupe, yana umbo la nyota, na harufu yake hukolea usiku, tamu na nzito, ya kukumbusha asumini. Mmea hautoi harufu kali gizani ili kutufurahisha sisi. Unamwita mdudu, tena mdudu maalumu, na ndiyo sababu nashikilia kwamba okidi hii haiwezi kuokolewa peke yake.

Ushahidi umo ndani ya ua lenyewe. Nyuma yake unaning'inia mrija mwembamba wa karibu sentimita 30, na nekta hukaa kwenye ncha ya chini tu. Mwaka 1862 Charles Darwin alipokea maua hayo Uingereza akashangaa ni mdudu gani angefika huko chini. Aliingiza kijiti chembamba katika mdomo wa mrija, na alipokichomoa, chavua ikatoka nacho. Hapo akatambua faida ya urefu ule: mnywaji hulazimika kukisukuma kichwa mpaka mwisho ili aufikie utamu, na anapojichomoa huondoka na chavua mpaka ua jingine. Akasema lazima Madagaska iwe na nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Mwaka 1867 Alfred Russel Wallace alitaja hata kundi la nondo la kutafutwa, na mwaka 1903 nondo huyo akaelezwa rasmi na kupewa jina la kukumbusha utabiri. Ndugu yake wa karibu, mwenye ulimi mfupi zaidi, huruka huku kwetu Afrika Mashariki. Hata hivyo, ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1990 ndipo mtafiti Mjerumani, Lutz Wasserthal, alipothibitisha kwamba nondo wa Madagaska huchavusha ua hili kweli.

Wasserthal huyo huyo alileta pingamizi la maana. Kwa maoni yake, huenda ulimi ulirefuka kwanza ili nondo anywe akiwa mbali na buibui wanaovizia mauani, na ua likafuata baadaye. Inawezekana. Lakini hoja hiyo inahusu nani alianza, nayo haipunguzi utegemezi uliopo leo: porini, bila mdudu wa kuufikia mwisho wa mrija, ua hunyauka bila mbegu.

Pingamizi zito zaidi ni la wakulima wa maua. Okidi hii imefugwa Ulaya tangu katikati ya karne ya 19, huchavushwa kwa mkono, na mbegu zake huoteshwa maabara. Basi hofu ya nini? Kazi yao ni njema na inapunguza tamaa ya kung'oa mimea msituni. Ila mbegu za okidi ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na porini hazioti bila kuvu wa kuzilisha. Nondo naye huanza maisha akiwa kiwavi mla majani. Ndugu yake wa bara hulelewa kwenye mimea ya jamii ya mstafeli na mtopetope. Chungu cha maua kina kimoja tu kati ya hivyo vyote, yaani okidi; vingine vinahitaji msitu.

Ni kweli pia kwamba familia zinazofyeka msitu kwa ajili ya mpunga na mkaa hazifanyi hivyo kwa ubaya, na si haki kuziambia zilale njaa kwa ajili ya ua. Kinachodaiwa ni kwamba fedha za uhifadhi zifike kwao, na vipande vya msitu wa pwani vilivyobaki viachwe na miti yake mikubwa. Mkataba wa CITES hudhibiti biashara ya okidi kuvuka mipaka, na ni vyema, lakini kibali cha forodhani hakimlindi kiwavi aliye juu ya jani, wala hakiuzuii mti alipo usikatwe.