NYANYA, HARAMBE NA FOLENI ZA FLORIDA

Naam, mpenzi msomaji, safari ni mipango. Usije ukadhani kwamba Walt Disney World, ile iliyoko Florida huko Marekani, ni mahali pa kuingia asubuhi, kupanda bembea mbili tatu, kisha jioni ukajigamba kuwa umeiona yote. Thubutu! Eneo lake ni takriban kilomita mraba 100. Mbuga yetu ya Nairobi, ambayo wengi wetu tumezungushwa kwa basi la shule nusu siku bila kumwona simba hata mkia, ina kilomita mraba 117. Sasa hebu fikiria mbuga karibu nzima iwe hoteli, maziwa, barabara na bustani nne kubwa za burudani, kila moja na lango lake.

Kazi ya kuipanga safari hii nimetwikwa mimi, ati kwa kuwa ndimi msomi wa nyumba. Shangazi yangu anafanya kazi Georgia, na jamaa wamechanga fedha kwa miaka minne. Tutakuwa watu sita, na fedha zinatosha siku mbili za bustani, basi. Miongoni mwetu yumo nyanya, ambaye magoti yanamsumbua, na ndugu yangu wa mwisho ambaye ana miaka sita na kelele za watu kumi. Siku zenyewe zikipotea, hatutapata nyingine.

Mambo ya viza sitayaongea sana. Kila mmoja huomba yake, na mwenye akili halipii tiketi yoyote kabla ya kuipata.

Baada ya hapo, cha kwanza ni tarehe. Tiketi za Disney hazina bei moja. Hupanda na kushuka kulingana na siku, na wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya ndiyo ghali na ndiyo iliyofurika watu. Agosti tungeweza kwenda, lakini Florida wakati huo ni joto la kukausha koo, mvua za radi kila alasiri, na msimu wa tufani, ambao huanza Juni 1 na kuisha Novemba 30. Hapo likizo yetu ndefu ya mwisho wa mwaka ikatufaa. Wamarekani wana sikukuu yao ya shukrani Alhamisi ya nne ya Novemba, na watu ni wengi wiki hiyo. Ikishapita, kabla ya Krismasi kubisha hodi, mambo hupoa kidogo. Tumechagua hapo. Kuhusu umri, mtoto chini ya miaka mitatu huingia bure, na aliyefika kumi hulipa kama mtu mzima. Mimi wa kidato cha tatu sina pa kujificha.

Cha pili ni bustani gani. Magic Kingdom ndiyo kongwe, ilifunguliwa Oktoba 1, 1971. Walt Disney mwenyewe hakuiona, kwani alifariki mwaka wa 1966 na kazi ikamaliziwa na kakake Roy. Epcot ilifuata mwaka wa 1982, ile ya sinema, ambayo leo inaitwa Hollywood Studios, mwaka wa 1989, na Animal Kingdom ikafunguliwa Aprili 22, 1998. Tiketi ya kuingia bustani mbili kwa siku moja ipo, lakini huongeza gharama, na kwa magoti ya nyanya ni mateso ya kulipia. Siku moja, bustani moja.

Wanachama wenzangu wa Kiswahili, Animal Kingdom ni yetu! Humo mna kijiji cha kubuni, mfano wa mji wa Afrika Mashariki, kiitwacho Harambe. Ndiyo, harambee yetu, ila "e" moja iliachwa njiani. Kutoka hapo unapanda gari la wazi kwa safari ya Kilimanjaro, kama dakika ishirini hivi, ukitazama ndovu, twiga, simba na vifaru halisi. Hoteli yake nayo ina jengo liitwalo Jambo House na jingine Kidani Village, na mikahawa ya Boma, Jiko na Sanaa. Hakuna haja ya kulala humo. Unaweza kwenda kula tu huku pundamilia wakipita nje, lakini meza ya mkahawa huwekwa mapema, siku 60 kabla.

Nilipomsomea nyanya hayo, alicheka mpaka akafuta machozi. Yeye ni wa karibu na Voi. "Mjukuu wangu, nivuke bahari nilipe nione ndovu? Wale waliomaliza mahindi yangu walinilipa nini?"

Swali zito hilo, na mimi sikulijibu. Lakini siku mbili baadaye aliniuliza kama kweli mtu hukaa ndani ya gari muda wote. Nikamwambia ndiyo, na langoni kuna viti vya magurudumu vya kukodi. Akanyamaza. Kwa nyanya, huko ni kukubali. Tutaingia lango likifunguliwa na kuanza na wanyama, maana jua likipanda nao hutafuta kivuli kama sisi.

Yule mdogo shida yake ni kimo. Anaota treni ya kasi ya Expedition Everest, nayo haimchukui aliye chini ya sentimita 112. Tulimpima mlangoni kwa chaki: 105. Alilia, tukamwacha alie, kwani afadhali alie Voi kuliko mbele ya lango baada ya kupanga foleni saa nzima. Upo utaratibu mzuri hapo: mzazi mmoja hubaki na mtoto, mwingine akapanda, kisha wakabadilishana bila kurudi mkiani. Hiyo ni bure. Njia ya mkato ya foleni, inayoitwa Lightning Lane, ni ya kulipia, na baba akisikia bei husema miguu yake haijachoka.

Chakula cha kubeba kinaruhusiwa, mradi usibebe chupa za kioo wala pombe, na vibanda vya vyakula vya haraka hutoa maji ya baridi bure ukiomba. Shangazi ameahidi chapati.

Siku ya pili bado tunabishana. Mama anataka Epcot, ndugu yangu Magic Kingdom. Kwa bahati, tiketi ya siku mbili haikulazimishi kutaja bustani mapema, kwa hiyo kura itapigwa huko huko, jioni ya siku ya kwanza. Nyanya amesema atapiga ya mwisho.