Usubi wa Mtoni na Jamaa Zake

Watu wa Kilwa na Lindi wasikiapo neno usubi humfikiri yule mdudu mdogo mno atokaye mikokoni wakati wa magharibi, naye huwasha kama upupu. Yafaa ifahamike ya kuwa yule siye aletaye upofu. Jina ni moja, wadudu ni mbalimbali. Usubi wa upofu ni inzi mweusi, mfupi, mwenye kibyongo na mabawa mapana yasiyo madoa, naye huuma mchana. Mabuu yake hayaishi katika maji ya chumvi wala yaliyotuama. Hushika mawe na majani penye maji yaendayo kasi. Kwa hiyo katika Tanzania makao yake makuu ni nchi ya vilima, kama Mahenge, Tukuyu, Usambara na Ruvuma. Mtu wa pwani aendaye huko kulima yampasa kujua habari zake.

Inzi huyu anyonyapo damu ya mgonjwa hupokea minyoo michanga isiyoonekana kwa macho, na baada ya siku 6 hata 12 huweza kumtia mtu mwingine. Minyoo mikubwa hukaa katika vinundu chini ya ngozi. Watoto wao hutembea katika ngozi na macho. Aumwaye mara nyingi, mwaka hata mwaka, ndiye aliye katika hatari ya kupofuka.

Zamani wataalamu waliwapambanua inzi hawa kwa umbo na rangi tu. Mwaka 1966 R. W. Dunbar alionyesha ya kuwa katika Uganda wale waliodhaniwa aina moja, Simulium damnosum, walikuwa aina nne. Buu hupasuliwa, zikatolewa tezi zake za hariri, ambamo mna nyuzi za urithi, yaani kromosomu, zenye mistari kama kikoi. Mpango wa mistari ukigeuka, huenda aina nayo ni nyingine, ijapokuwa inzi wenyewe wafanana kama pacha.

Kazi hii si upuzi wa wasomi. Aina iitwayo Kisiwani, ya Usambara ya Mashariki (si ya kisiwa, msidanganywe na jina), hupendelea wanyama kuliko watu. Tena wako jamaa, kama Simulium neavei, ambao mabuu yao hupanda migongoni mwa kaa wa mtoni. Jambo hilo lilitangazwa mwaka 1950 kutoka Kenya, baada ya watu kutafuta mawe bure.

Katika kisiwa cha Bioko, Afrika ya Kati, kromosomu zilionyesha ya kuwa inzi wa huko ni tofauti na wa bara, yaani hawakuwa wakichanganyika kuvuka bahari. Basi mito ikatiwa dawa, na tangu 2005 inzi hao hawakuonekana tena. Milima yetu haikuzungukwa na bahari. Inzi huweza kuletwa na upepo kutoka mbali.

Kwa hiyo mkulima asimimine dawa ya mikorosho mtoni. Itaua samaki na kudhuru wanywao, na inzi watarudi. Ameze vidonge vya ivermektini vigawiwapo, wala asiache mwaka unaofuata, maana huua minyoo michanga tu, na mama zao huishi miaka 10 au zaidi.