Mtama, tumbaku na asali: hoja ya zaka Tabora

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipofika Kazeh, Tabora ya leo, ilitua mizigo ya vitambaa na shanga. Wapelelezi Burton na Speke walipoingia hapo Novemba 1857, wafanyabiashara wa Oman walikuwa wamekwishaweka makao. Dini waliyokuja nayo ilitoka Uarabuni, na Hadithi zake za zaka ya mazao zinataja ngano, shayiri, tende na zabibu. Mnyamwezi aliyesilimu alikuwa na mtama na mpunga ghalani, na mizinga ya asali msituni. Maskini wa kijiji chake walikuwa na haki gani katika mali hiyo? Swali hili lilihitaji mantiki, na mantiki iliyokuwapo ni kiyasi, ambacho Imamu Shafi (767–820) alikiwekea masharti katika kitabu chake *Risala*. Kiyasi huanza na jambo lenye hukumu inayojulikana, kikatafuta sababu ya hukumu hiyo, kisha kikaangalia kama sababu hiyohiyo imo katika jambo jipya.

Wanazuoni wa Kishafi walisema ngano hutolewa zaka kwa sababu ni chakula kikuu kinachowekwa akiba. Mtama, mpunga na mahindi ni hivyo hivyo, basi navyo vina zaka: sehemu ya kumi kwa shamba la mvua, nusu ya hiyo kwa shamba linalomwagiliwa kwa gharama, mavuno yakifika wasaki 5, yaani kilo 650 hivi. Wapo wanaosema dini ni kutii maandiko, si kupima kwa akili. Ibn Hazm wa Andalusia alishika msimamo huo, akakikataa kiyasi na kuifunga zaka ya mazao kwenye ngano, shayiri na tende. Msimamo huo ukiletwa Unyamwezi, ghala lililojaa mtama halimdai mwenyewe hata pishi moja. Sioni vipi huko ndiko kuyaheshimu zaidi maandiko yaliyokusudia maskini apate.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kiyasi ni kwamba njia hiyohiyo ya misafara ilipitisha watumwa, na waliojua kiyasi waliishi kando yake. Ni kweli, na haifai kupunguzwa. Kiyasi hakiulizi kama hukumu ya mwanzo ni ya haki. Utumwa ulipokubaliwa kuwa msingi, hoja zilijengwa juu yake, na Tanganyika ulikomeshwa kisheria mwaka 1922 tu. Lakini kiyasi humlazimisha mwenye kutoa hukumu aitaje sababu yake hadharani, na sababu iliyotajwa inaweza kupingwa. Chukua tumbaku ya Urambo na Sikonge. Si chakula, hivyo kwa Shafi mavuno yake hayana zaka. Mkulima atadaiwa tu fedha atakazobakiwa nazo mwaka ukizunguka. Asali nayo kwa Shafi haina. Imamu Abu Hanifa aliona sababu ni ardhi kuzaa, akaiwekea asali zaka, na kwa sababu hiyo tumbaku nayo ingedaiwa. Naona hoja yake ina nguvu zaidi kwa Tabora, kwa kuwa mkulima wa mtama asiye na fedha hapaswi kutoa gunia huku jirani yake mwenye mazao ya biashara akivuna bila deni kwa yeyote.