Mzinga Ulioelekea Kushoto

Siku moja, kituoni, nilisimama nyuma ya daladala nikimtazama fundi wa rangi, amekaa juu ya kopo, brashi nyembamba mkononi, akiichora ngao ya klabu ya soka ya Arsenal juu ya bati, na chini yake akaandika jina la mama wa mwenye gari. Na ule mzinga, ambao katika nembo ya leo waelekea kulia, yeye akauelekeza kushoto, kwa kuwa ndivyo alivyouzoea tangu utotoni. Nembo ikisha kuingia katika mapenzi ya watu kiasi hicho, mwenyewe hubaki na mamlaka gani juu yake?

Yafaa kwanza kutenganisha haki mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Alama ya biashara haikuwekwa ili kulinda uzuri wa mchoro, bali ili mnunuzi, ashikapo bidhaa, ajue imetoka kwa nani, na nani wa kulaumiwa ikiwa mbovu; ilhali hakimiliki huulinda mchoro wenyewe usinakiliwe pasipo idhini, hata kama hapana aliyehadaika. Fundi wetu hakujifanya wakala wa klabu, basi haki ile ya kwanza haimgusi sana. Ya pili ndiyo iwezayo kumfikia.

Kesi mashuhuri ya haki ile ya kwanza yaihusu klabu iyo hiyo. Mchuuzi mmoja, aliyeuza skafu na kofia nje ya uwanja wa Highbury tangu mwaka 1970, alishtakiwa, ingawa kibandani mwake alitundika tangazo kwamba vitu vyake si rasmi, na hoja yake ilikuwa kwamba avaaye nembo hutangaza mahaba yake, hatangazi kiwanda. Jaji wa London aliiona hoja hiyo kuwa na uzito. Lakini Mahakama ya Ulaya, tarehe 12 Novemba 2002, ikasema kuwa tangazo hubaki kibandani na skafu huenda zake, hata atakayeiona kwingine asiwe na njia ya kujua asili yake. Na mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikaipa klabu ushindi. Hukumu hiyo naikubali katika biashara ya skafu. Siikubali ikigeuzwa fimbo ya kumchapia kila mwenye brashi.

Maana klabu yenyewe iliazima. Wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich waliianzisha mwaka 1886, na nembo yao ya mwaka 1888, yenye mizinga mitatu, ilifanana na ngao ya mji wao. Hata jina Arsenal asili yake ni Kiarabu, dar as-sinaa, nyumba ya kazi za ufundi. Mwaka 1922 mzinga ukawa mmoja, umeelekea kulia; mwaka 1925 ukageuzwa kushoto; mwaka 2002 ukarudishwa kulia, kwa sababu, walivyoeleza wenyewe, ngao ya zamani ilikuwa na sehemu nyingi mno hata haikuweza kulindwa kwa hakimiliki, na mashabiki wengi wakanung'unika kuwa hawakushauriwa.

Njia niipendayo ni ya Debian, jumuiya ya watu wanaotunga mfumo wa kompyuta kwa kujitolea, ambao mwaka 1999 walijichagulia nembo mbili: moja ni chupa itokayo mzunguko kama moshi wa jini, nayo ni ya mambo rasmi tu, ya pili ni mzunguko peke yake, ambao, kwa masharti ya wakati huo, mtu yeyote aliweza kuutumia, hata kuubadili, katika kuitaja Debian, maadamu hakudai kwamba amepewa baraka zao. Vilabu vyetu vingeweza kufanya vivyo hivyo: ngao kamili ibaki katika jezi, tiketi na barua, na mnyama wa klabu pamoja na rangi zake waachiwe wachora magari na washona bendera, kwa sharti hilo moja la kutojidai rasmi, liandikwe kwa Kiswahili chepesi ambacho fundi aliye juu ya kopo lake atakisoma bila kumtafuta wakili.

Rangi ilipokauka, dereva aliigusa ngao kwa kidole, akatabasamu, akamlipa fundi, akawasha gari.