Je, Wajua? Siku Moja Kando ya Mto Rhine

Kwa watalii wengi wanaopanda meli za mtoni huko Ulaya, siku inayosubiriwa kwa hamu ni ile ya bonde la Rhine ya Kati, Ujerumani, kutoka Rüdesheim hadi Koblenz. Ni kilomita 65 tu, lakini UNESCO iliziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2002. Aghalabu abiria hushuka Rüdesheim asubuhi, hurudi melini kula huku wakiteremka na mto, kisha hushuka tena alasiri huko Braubach au Koblenz.

Je, wajua kwamba unaweza kulala ukitazama mto na kuamka ukitazamana na mtu aliyevaa pajama? Nafasi gatini ni chache, kwa hiyo meli hufungwa ubavu kwa ubavu. Aliye kwenye meli ya nje hukatiza ukumbi wa meli ya jirani ndipo akanyage nchi kavu. Akishuka, kadi yake husomwa na mashine mlangoni. Kadi isiposomwa tena wakati wa kurudi, wahudumu wanajua kuna mtu bado yuko mjini.

Mjini Rüdesheim wengi hukimbilia Drosselgasse, kichochoro cha mita 144 kilichojaa vilabu vya mvinyo. Mimi ningekipita haraka. Kilicho cha ajabu zaidi kiko karibu na hapo, katika makumbusho ya Siegfried ya ala za muziki zinazojipiga zenyewe. Humo mna mashine ya kampuni ya Hupfeld ya Leipzig: piano, na juu yake fidla tatu zilizosimamishwa wima ndani ya upinde wa duara. Upinde ndio unaozunguka. Fidla husogea zenyewe kuugusa, na kila moja hutumia uzi mmoja tu. Amri zote hutoka kwenye karatasi yenye matundu, na nguvu ya hewa ndiyo inayovisukuma vidole vya mashine. Hakuna kompyuta hapo.

Je, wajua kwamba ngome kadhaa kati ya zile nzuri za kupigwa picha zilikuwa vituo vya ushuru? Pfalzgrafenstein, iliyo kisiwani mbele ya Kaub, ilianza kujengwa mwaka 1326 ili kila mfanyabiashara anayepita na shehena alipe kwanza. Mnara wa Panya wa Bingen nao ulikuwa na kazi hiyohiyo, ingawa waongoza watalii hupenda zaidi kusimulia hekaya ya askofu mchoyo aliyeliwa humo na panya. Mkataba wa Mannheim wa mwaka 1868 ndio uliothibitisha kwamba meli zitapita Rhine bila kutozwa.

Ukifika Loreley, jabali la mita 132, spika za meli huanza kupiga wimbo wa msichana anayewaimbia mabaharia hadi wazame. Msichana huyo si wa kale kama tunavyoaminishwa: mshairi Clemens Brentano ndiye aliyemtunga, mwaka 1801. Hatari ndiyo ya kweli. Mto hapo ni mwembamba, una kona kali na mkondo wenye nguvu. Januari 2011 meli ya mizigo Waldhof, iliyobeba tani 2,400 za asidi ya salfuri, ilipinduka karibu na jabali hilo, na njia ikafungwa kwa wiki kadhaa. Hadi leo taa maalumu za ukingoni humjulisha nahodha anayepanda kama kuna meli inayoteremka nyuma ya kona.

Je, wajua kwamba kati ya Mainz na Koblenz hakuna daraja hata moja? Watu na magari huvuka kwa vivuko. Lakini reli zipo, moja kila ukingo, na magarimoshi ya mizigo hupita usiku kucha. Anayetafuta ukimya aelekee kwingine.

Mwenye kauli ya mwisho ni mto wenyewe. Oktoba 2018 kipimo cha maji cha Kaub kilishuka hadi sentimita 25. Hicho si kina chote cha njia ya meli, ila kilitosha kuvuruga ratiba. Maji yakipungua hivyo, kampuni huwasafirisha abiria kwa basi hadi kwenye meli nyingine inayowasubiri upande wa pili wa pale pasipopitika.

Ukibahatika kuteremka na Rhine, usijifungie chumbani. Panda sitahani, soma vibao vikubwa vya kilomita vilivyo ukingoni (hesabu huanzia daraja la Konstanz, na Loreley iko kati ya 554 na 555), na uchague kiti cha upande wa kulia: Kaub, Loreley na ngome ya Marksburg zote ziko upande huo.